Kurisiti kwa Wamarekani: historia ya maksi za kuunganisha

UE zimeisha, waliodaka sapu wanajijua, na kijiwe chetu cha hosteli kinabishana habari za kurudia mitihani tu. Sisi hapa sheria ni ngumu: ukifanya sapu hata ukipasua vipi, unaandikiwa C, basi. Sekondari angalau kuna kurisiti. Mtu aliyeanguka Hesabu anajiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea, anafanya Hesabu peke yake, na B yake ya Kiswahili haiguswi na mtu. Sasa Wamarekani nao wana ya kwao kwenye mitihani ya kuingilia chuo, na historia yake ni tamu kiasi kwamba nimeiweka kando kazi ya semina nije niiandike.

Wenyewe wanaiita supaskoo. Chukua mwanafunzi anayefanya SAT, mtihani wenye sehemu mbili, kila moja kuanzia 200 hadi 800. Machi anapata 620 kwenye kusoma na kuandika na 700 hisabati, jumla 1320. Oktoba anarudia: 680 na 650, jumla 1330. Ameongeza pointi kumi tu, jasho lote lile! Lakini chuo kinachukua 680 ya Oktoba na 700 ya Machi, kinamwandikia 1380. Jumla hiyo hakuipata siku yoyote ile.

Walioanzisha mtihani huu wangeshangaa kweli. SAT ilifanywa mara ya kwanza Juni 23, 1926, na vijana 8,040 hivi: maswali 315 kwa dakika 97, hebu piga hesabu mwenyewe. Aliyeutengeneza ni Carl Brigham wa Princeton, na mbegu yake ilitoka kwenye vipimo vya akili vya wanajeshi wa Marekani katika Vita Kuu ya Kwanza. Brigham huyu mwaka 1923 alikuwa ametoa kitabu cha kupanga mataifa na rangi za watu kwa akili, kitabu cha ovyo kabisa, na mwaka 1930 mwenyewe aliyakana madai yake. Ninachotaka mkione ni hiki: kama mtihani unapima akili ya kuzaliwa, kurudia kuna maana gani? Akili ya kuzaliwa haiongezeki kati ya Machi na Oktoba.

Mambo mawili ndiyo yaliyofungua mlango, na yote ni ya kiufundi, hakuna aliyekuwa anawaza supaskoo. La kwanza, mwaka 1930 mtihani uligawanywa, lugha ikapata alama yake na hisabati yake. Hapo ndipo palipopatikana mshono wa kukatia. La pili ndilo kubwa zaidi. Kabla ya 1941, kila mtihani ulipangiwa alama upya ili wastani wa waliofanya uwe 500. Maana yake 600 yako ilitegemea umekaa na nani. Ukiangukia kundi la vichwa, umeumia. Kuanzia Aprili 1941 kundi la siku ile likafanywa kipimo cha kudumu, na mitihani iliyofuata ikawa inalinganishwa nayo kitaalamu, hisabati ikaunganishwa mwaka uliofuata. Tangu hapo 600 ya mwezi mmoja ikadaiwa kuwa sawa na 600 ya mwezi mwingine. Bila hilo, kuunganisha Machi na Oktoba kungekuwa sawa na kujumlisha debe na kilo. (Hata sasa kuna mipaka. Mwaka 1995 kipimo kilisogezwa, 2005 jumla ikapanda hadi 2400, 2016 ikarudi 1600, na vyuo vingi vilikataa kuchanganya alama za mtihani wa zamani na mpya.)

Imani ya akili ya kuzaliwa nayo ilikuwa inaliwa taratibu. Brooklyn kulikuwa na mwalimu wa tuisheni, Stanley Kaplan, aliyeanza kuwanoa vijana kwa SAT miaka ya 1940, wakati wenye mtihani wakisisitiza kwamba haunoleki. Mwaka 1979 ripoti ya tume ya serikali inayosimamia biashara ikakubali kwamba tuisheni inaongeza alama. Na kama tuisheni inasaidia, bwana, kurudia nako kutasaidia.

Ila vyuo navyo havitoi sadaka. Maksi za waliodahiliwa zinatangazwa na zinaingia kwenye orodha za vyuo bora, kwa hiyo chuo kinachochukua alama ya juu kabisa ya kila sehemu kinajipamba chenyewe vilevile. Mwaka 2003 wachumi wawili wa Duke, Charles Clotfelter na Jacob Vigdor, waliichambua kanuni hii na hoja yao ilikuwa wazi: inawavuta watu kurudia, na inawabeba wale ambao kurudia hakuwagharimu sana. Alama ya sehemu moja inaweza kuyumba kama pointi 30 kwa bahati tu. Anayeokota bahati mara nne atapata nzuri kuliko anayeokota mara moja. Mtahiniwa wa Afrika Mashariki anayelipia SAT kwa dola, tena asafiri hadi mjini kwenye kituo, haokoti mara nne.

Hapa nilidhani nimeshamaliza, supaskoo ni dhuluma, tuendelee. Kumbe! Mwaka 2018 watafiti wa ACT, ule mtihani mwingine ulioanza 1959, walilinganisha njia za kuzitumia alama za waliorudia: ya mwisho, ya juu, wastani, supaskoo. Mtu angetarajia wastani ushinde. Supaskoo ilitabiri maksi za mwaka wa kwanza chuoni vizuri kama nyingine, na iliwaonea kidogo zaidi waliorudia mara nyingi. Maelezo yao ni kwamba anayerudi kukaa mtihani Jumamosi baada ya Jumamosi ana kitu fulani, na kitu hicho kinamfaa chuoni.

Sawa, lakini nani anarudi? Joshua Goodman, Oded Gurantz na Jonathan Smith waliangalia hilo na kukuta kama nusu tu ya wanaofanya SAT ndio wanaorudia, na watoto wa kipato cha chini hurudia kidogo zaidi, ingawa wakirudia nafasi yao ya kuingia chuo cha miaka minne hupanda. Walikadiria kwamba kusawazisha kurudia kungeziba hadi asilimia 10 ya pengo la kuingia chuo kati ya wenye nacho na wasio nacho. Si haba. Msamaha wa ada ya SAT kwa mwanafunzi maskini wa Marekani unampa mitihani miwili.

Chuo Kikuu cha California kilikataa supaskoo miaka yote, kikitaka jumla bora ya siku moja. Mwaka 2020 kikapiga kura kuachana na mitihani hiyo, na sasa hakiitazami kabisa katika udahili. MIT ilirudisha sharti la mtihani 2022, Dartmouth na Harvard 2024, na MIT inachukua alama ya juu ya kila sehemu. ACT wenyewe tangu 2021 wanamtengenezea mtahiniwa supaskoo moja kwa moja. Walitangaza 2019 kwamba mtu ataruhusiwa kurudia sehemu moja tu, kama yule wetu wa Hesabu, lakini corona ilipoingia 2020 mpango ukaahirishwa.