Akida, Mnyapara na Jumbe: Kazi za Kale za Mrima wa Mkwaja

Mwanafunzi wa Tanzania akiulizwa akida ni nani, jibu analo tayari: kibaraka wa Mjerumani, mkusanya kodi. Jibu hilo si la uongo, ila limeanza katikati ya hadithi, na linawaonea watu wa Mrima waliokijua cheo hicho kabla Mjerumani hajatia mguu pwani.

Ukivuka mto Pangani kwa kivuko na kushika njia ya kusini, ukapita Ushongo na Kipumbwi, unafika Mkwaja. Mbele ni bahari na minazi, nyuma nyika ya Uzigua, na kusini yake Saadani. Miji ya mwambao huu ilikuwa na majumbe wake, na chini ya jumbe walikuwepo shaha, waziri, amiri na akida. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo aliyaeleza hayo katika kitabu cha desturi za Waswahili, kilichotolewa Ujerumani na Carl Velten mwaka 1903. Mtu aliyetaka cheo alitoa ada kwa wenye vyeo waliomtangulia, akapika karamu, mji ukala, ndipo akatambuliwa. Akida alikuwa kiongozi wa vijana, mtu wa mbele vitani na kwenye ngoma za mashindano. Kama vijana hawamtaki, angemwongoza nani?

Agosti 1888 kampuni ya Kijerumani ilishika forodha na utawala wa mwambao kwa mkataba wake na Sultani Khalifa wa Unguja. Pangani ikawaka, Abushiri bin Salim akaongoza mapigano, na tarehe 15 Desemba 1889 akanyongwa palepale Pangani. Wajerumani waliobaki na nchi hawakuvifuta vyeo vya wenyeji, walivichukua. Akida sasa aliteuliwa bomani, akapewa eneo, mara nyingi mbali na kwao, akakusanya kodi ya kibanda iliyoanza kutozwa 1898, akasikiliza kesi ndogo na kutoa watu wa kazi. Karamu haikuhitajika tena, na ridhaa ya mji nayo ikaondoka. Vita vya Maji Maji vilipozuka Umatumbi mwaka 1905, maakida walikuwa miongoni mwa walioandamwa mwanzo kabisa. Gavana Cameron wa Kiingereza alipoleta utawala wa machifu kwa sheria ya 1926, uakida ulianza kuondolewa, na sifa mbaya ikabaki.

Mnyapara naye ana safari ndefu. Jina lilishuka na Wanyamwezi, mnyampara wao, mkubwa wa kundi la wapagazi katika msafara. Mbele ya msafara alikwenda kirongozi na bendera, ngoma na baragumu vikilia. Nyuma yake watu na mizigo, kila mmoja yapata frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu, begani au kichwani, miezi kwa miezi. Mnyapara alitembea na watu wake. Mzozo wa posho au wa mzigo mzito uliishia kwake, maana ndiye aliyesema na tajiri kwa niaba yao. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi ya heshima kuliko zote za msafara.

Reli na mkonge vikambadilisha. Mwaka 1893 miche 62 ya mkonge, iliyosalia hai kati ya 1,000 aliyoagiza Richard Hindorf kutoka Florida, ilioteshwa Kikogwe karibu na Pangani, na Tanga ikageuka nchi ya mkonge. Wakaja manamba, vibarua wa mkataba, kutoka bara, kila mtu na kipande chake cha kuandikiwa siku za kazi. Mnyapara akasimama upande wa pili: anagawa kazi ya siku, anahesabu matita ya majani, anakataa tita lililopungua. Leo watu wengi wakimtaja nyapara humfikiria yule mfungwa anayesimamia wafungwa wenzake gerezani.

Mkwaja yenyewe iliguswa na mkonge kwa njia ya nyama. Katika miaka ya 1950 kampuni ya Amboni ilifungua ranchi hapo ili kulisha wafanyakazi wa mashamba yake. Mbung'o walikuwa wengi mno, ng'ombe wakaishi kwa sindano za kuwakinga na nagana, na mwaka 2000 ranchi ikafungwa. Ardhi yake imo sasa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa 2005, na pale walipolisha wachungaji hupita askari wa wanyamapori.

Majina mengine ya kazi za kale nayo yalibadilika, kila moja kwa bahati yake. Rubani, aliyejua mikondo na miamba akaongoza chombo kati yake, amepanda hewani na ndege. Mgambo kwanza haukuwa mtu, ulikuwa wito wa mji mzima, ukitangazwa kwa mbiu ya pembe. Tangu Mwongozo wa TANU wa 1971 watu wengi wanamjua mgambo kama mtu mwenye sare na rungu.

Jumbe ndiye aliyedumu kuliko wote. Mjerumani alimfanya mkuu wa kijiji chini ya akida, Mwingereza naye akaendelea kumtumia, kisha uchifu ukafutwa 1963 na TANU ikagawa nchi kwa nyumba kumi kumi. Anayezisimamia huitwa mjumbe, au balozi. Halipi ada wala hafungi kilemba. Lakini mbuzi akila mihogo ya jirani, au mpaka wa shamba ukisogezwa usiku, anayegongewa mlango kwanza ni yeye, kabla shauri halijafika kwa mwenyekiti wa kijiji.