Hesabu Iliyomo Katika Sauti za Nyimbo

Wengi wetu tufundishao kwaya tumepata kukutana na fumbo hili. Watoto huimba wimbo pasipo kinanda, sauti zao zikipatana vema hata wasikiao wakafurahi. Kisha mwalimu hugusa kinanda, na mara sauti zao na za kinanda zaonekana kuachana kidogo, hasa katika mi. Zamani sisi tulikuwa tukiwakemea watoto kwamba wameupotosha wimbo. Siku hizi hatukemei upesi, maana tumejifunza habari za hesabu iliyomo ndani ya sauti, nayo yaonyesha ya kuwa mara nyingine kinanda ndicho kilichoiacha njia.

Mwanzo wa elimu hii hutajwa kuwa ni kwa Pythagoras, Myunani wa karne ya 6 kabla ya Kristo. Wafuasi wake walifundisha hivi: ukiukaza uzi na kuupiga, hutoa sauti, nasi tuiite do. Ukiuzuia katikati, nusu yake hutoa do ya juu. Theluthi mbili za uzi hutoa so, na robo tatu hutoa fa. Basi sauti zipatanazo zatokana na hesabu ndogo tu: 1, 2, 3 na 4.

Watu wa kale walisimulia kwamba aliipata siri hii kwa kusikia nyundo za wahunzi, akazipima, akatundika vitu vya uzito ule ule katika nyuzi, na sauti zikalingana na hesabu. Kisa hicho kilinakiliwa muda wa miaka zaidi ya elfu, wala si kweli. Mwaka 1589 Vincenzo Galilei, baba yake Galileo, aliandika kwamba uzito haufuati hesabu ile: ili uzi upande hata do ya juu, uzito uuvutao hauna budi kuwa mara nne, si mara mbili. Hapa twaona jinsi neno liwezavyo kurudiwa na wenye elimu kizazi baada ya kizazi, kwa kuwa hapana aliyetwaa uzi akajaribu.

Lakini hata hesabu iliyo kweli ina fundo lake. Tukipanda kutoka do hata so, na kutoka hapo tena vivyo hivyo, hata mara 12, twatazamia kufika pale pale tufikapo kwa kupanda kutoka do hata do ya juu mara 7. Hatufiki. Njia ya kwanza yazidisha sauti mara 129.75 hivi, ya pili mara 128 kamili. Tofauti yapata robo ya nusu-sauti, na sikio laisikia. Wala hapana ujanja wa fundi uwezao kuiondoa, maana 3 ikizidishwa kwa 3 daima huwa witiri, na 2 ikizidishwa kwa 2 daima huwa shufwa. Witiri na shufwa hazikutani kamwe.

Haikubaki ila kuigawanya tofauti hiyo kwa sauti zote. Katika nchi ya China, mwaka 1584, Zhu Zaiyu, mtu wa jamaa ya kifalme ya Ming, aliitafuta namba ambayo 12 za namna yake zikizidishwa pamoja hutoa 2, akaipata: 1.059463. Huko Ulaya Simon Stevin alilifikia wazo lilo hilo, na mtawa Marin Mersenne akalieleza katika kitabu chake cha mwaka 1636. Hiyo ndiyo njia ya vinanda vyetu leo. So yake imepungua kidogo mno. Lakini mi imezidi yapata sehemu 14 katika 100 za nusu-sauti. Waimbaji wasikilizanao vema mara nyingi huielekea mi iliyo safi. Ndipo huonekana kuwa chini ya kinanda.

Kipimo hicho cha sehemu 100 kilitungwa na Mwingereza Alexander Ellis. Mwaka 1885 alitoa habari za ala za mataifa mengi alizozipima, akakiri kwamba ngazi ya sauti si moja, wala haikutokana na asili tu, bali ziko nyingi tena mbalimbali. Afrika yalithibitisha neno lake. Marimba za Wachopi wa Msumbiji hugawanya nafasi ya do hata do ya juu kwa hatua 7 zilizo karibu sawa. Amadinda ya Waganda kwa hatua 5 zilizo karibu sawa. Katika ngazi hizo mi ya kinanda haimo kabisa.

Mwaka 1997 Andy Hildebrand wa Marekani alitoa programu iitwayo Auto-Tune, isogezayo sauti ya mwimbaji iliyonaswa mpaka ifike kwenye hatua iliyopangwa, na mara nyingi hatua hizo ni zile 12 za kinanda. Ni msaada mkubwa. Lakini asiyejua hesabu yake aweza kufuta sauti safi, au sauti ya wazee wake, akidhani anasahihisha kosa.

Basi, sisi walimu, kabla ya kumwambia mtoto kwamba amekosa, yatupasa kujiuliza kwanza: amekosa kwa kipimo gani?