Hiari Yashinda Utumwa: Historia ya Tohara Katika Nyanza

Neno tohara lina asili ya usafi. Watu wa pwani walilipokea kutoka katika Kiarabu pamoja na dini ya Kiislamu, na kwao mtoto wa kiume hutahiriwa kwa kufuata sunna. Lakini watu wengi wa bara walikuwa na desturi hiyo kwa majina ya lugha zao wenyewe. Kwa Wagikuyu, Wameru, Wakamba, Wamaasai, Wakalenjin, Wagusii na Wabukusu, kisu cha ngariba kilikuwa mpaka baina ya utoto na utu uzima. Kijana aliyeuvuka mpaka huo bila kupepesa jicho alihesabiwa mtu mzima: aliweza kuoa, kusema mbele ya wazee na kushika silaha kulinda kwao. Aliotahiriwa pamoja nao walikuwa rika lake maisha yake yote. Wabukusu hadi leo hutahiri vijana wao mwezi wa Agosti katika miaka inayogawanyika kwa mbili, na mtu akitaja rika lake, wazee hujua mara moja umri wake na wenzake. Kwa watu hao, ngozi iliyokatwa ilikuwa sehemu ndogo ya jambo. Sehemu kubwa ilikuwa mafunzo, ujasiri na undugu.

Wako Wakenya wengine ambao hawakuwa na desturi hiyo, na miongoni mwao ni Waturkana na Wajaluo. Yafaa ieleweke kwamba Mjaluo hakukosa alama ya utu uzima. Yeye aling'olewa meno sita ya mbele ya taya la chini, desturi iitwayo nak, nayo ilitaka ushupavu usiopungua ule wa kisu. Desturi hiyo ilififia katika karne ya 20, shule na makanisa yalipoenea. Wala si kweli kwamba Wajaluo wote walikuwa mbali na tohara. Kanisa la Nomiya, lililoanzishwa na Johana Owalo mwanzoni mwa karne hiyo, liliwatahiri waumini wake wa kiume, na wafuasi wake walibaki Wajaluo kamili.

Tofauti ya mila si aibu, lakini ulimi wa mwanadamu huweza kuifanya aibu. Katika siasa za Kenya, tangu miaka ya kwanza ya Uhuru, walikuwako watu waliodai kwamba mwanamume asiyetahiriwa ni mtoto, na kwamba mtoto hawezi kutawala watu wazima. Maneno hayo yalitiwa chumvi katika kampeni za uchaguzi, watu wakayacheka. Ubaya wake ulidhihirika mwezi wa Januari 2008. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, wanaume wa Kijaluo walikamatwa na magenge katika Naivasha na Nakuru, wakakatwa kwa nguvu. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Philip Waki iliandika habari hizo katika ripoti yake ya mwaka ule ule. Hayo hayakuwa mila ya mtu yeyote. Ngariba wa zamani alimwingiza kijana katika jamii. Magenge hayo yalikusudia kumtoa mtu katika utu wake.

Wakati siasa ikifanya hayo, elimu ya tiba ilikuwa ikifuata njia nyingine. Ugonjwa wa UKIMWI ulitambuliwa kwa mara ya kwanza katika Kenya mwaka 1984. Mwaka 1989 matabibu waliochunguza wanaume waliotibiwa magonjwa ya zinaa katika Nairobi walitangaza kwamba wasiotahiriwa waliambukizwa virusi kwa wingi zaidi kuliko waliotahiriwa. Wataalamu wengine walitazama ramani ya Afrika wakaona jambo la namna hiyo hiyo: mahali penye tohara, aghalabu maradhi yalikuwa machache. Lakini mtaalamu mwangalifu haamini upesi. Huenda tofauti ilitokana na dini, au ulevi, au mienendo ya ndoa, wala si tohara yenyewe. Palihitajika jaribio la haki.

Majaribio hayo yalifanywa mahali patatu. Katika Orange Farm, Afrika Kusini, walishiriki wanaume 3,274. Katika Kisumu, wanaume 2,784 wenye umri wa miaka 18 hadi 24. Na katika Rakai, nchini Uganda, wanaume 4,996. Wote walikuwa wamekubali kutahiriwa. Waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu wakatahiriwa mara moja, na nusu wakaambiwa wangoje hadi mwisho wa uchunguzi. Wote walipimwa, wote walifundishwa njia za kujikinga. Matokeo ya Afrika Kusini yalitolewa mwaka 2005. Majaribio ya Kisumu na Rakai yalisimamishwa kabla ya muda wake mwezi wa Desemba 2006, kwa kuwa waangalizi waliona si haki kuendelea kuwangojesha wale wa kundi la pili. Katika mahali pote patatu, tohara ilikuwa imepunguza maambukizi kwa wanaume kwa zaidi ya nusu, na kwa kadiri ya asilimia 60 katika hesabu zilizokuwa nzuri zaidi. Sababu yake yaeleweka. Ngozi ya ndani ya govi ni nyororo, huchubuka upesi, na ina chembe nyingi ambazo virusi hupenda kuzishika. Ikiondolewa, mlango mmoja wa maradhi umepunguzwa upana. Mwezi wa Machi 2007 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba tohara ihesabiwe miongoni mwa njia za kinga.

Hapo ndipo mjadala ulipowaka katika Nyanza. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba kiasi cha watu 7 katika kila 100 wa Kenya walikuwa na virusi, lakini katika Nyanza walikuwa karibu 15. Miongoni mwa wanaume wasiotahiriwa walikuwa 13 katika 100, na miongoni mwa waliotahiriwa 4. Nyuma ya hesabu hizo palikuwa na makaburi mapya katika miji mingi, na nyanya waliolea wajukuu waliofiwa na wazazi wote wawili.

Hata hivyo, wazee wa Baraza la Wajaluo hawakuikubali shauri hiyo kwa mara moja, wala haifai kuwadhania ujinga. Walisema kwamba mwacha mila ni mtumwa, na kwamba tohara si mila yao. Waliuliza: Je, tukikubali, hatutakuwa tumekiri kwamba waliotutukana walisema kweli? Waliogopa pia kwamba vijana wakiisha kutahiriwa watajiona wamekingwa kabisa, na kuacha hadhari nyingine zote. Maswali hayo mawili yalikuwa ya haki. La kwanza lilihusu heshima, na katika mwaka ambao wanaume wao walikuwa wamekatwa kwa nguvu barabarani, nani angewalaumu kwa kulitanguliza? La pili lilihusu tiba yenyewe, na matabibu walilazimika kulijibu kwa mafunzo.

Ufumbuzi ulipatikana kwa mazungumzo. Mwezi wa Septemba 2008 Raila Odinga, aliyekuwa Waziri Mkuu wakati huo, alikutana na wazee. Katika mashauriano hayo jambo lilitenganishwa na mila. Haikusemwa kwamba Mjaluo abadili desturi yake, wala kwamba kukatwa kutamfanya mwanamume kamili. Ilisemwa kwamba hii ni kinga, kama chanjo ilivyo kinga, na kwamba kila mtu ataamua mwenyewe. Mwezi wa Novemba 2008 kazi ilianza katika zahanati na hospitali za Nyanza. Aliyefika alishauriwa kwanza, akaelezwa faida na mipaka ya jambo, akapewa nafasi ya kupimwa damu, akatiwa ganzi, akatahiriwa kwa vyombo safi, kisha akaagizwa ajiepushe na tendo la ndoa kwa majuma sita hadi kidonda kipone. Asiyetaka alirudi nyumbani kwa amani. Maelfu kwa maelfu walikuja kwa miguu yao.

Msomaji na apime jambo hili. Katika mwaka mmoja, nchi moja ilishuhudia kisu kikitumiwa juu ya watu wale wale kwa namna mbili. Mwezi wa Januari kilikuwa silaha. Mwezi wa Novemba kilikuwa dawa. Sehemu iliyokatwa ilikuwa ile ile. Kilichokuwako mwezi wa Novemba, na kukosekana mwezi wa Januari, kilikuwa hiari ya mtu mwenyewe na mkono wa tabibu.

Mjadala huu haukuwagusa Wajaluo peke yao. Hata jamii zenye desturi ya kale zilitakiwa kujichunguza, maana kisu kimoja kikipita juu ya vijana wengi huweza kuchukua maradhi kutoka kwa huyu hadi kwa yule. Katika sehemu nyingi ngariba walifundishwa kutumia wembe mmoja kwa kijana mmoja, na wazazi wengi wakachagua hospitali. Lakini hospitali humrudisha kijana nyumbani siku ile ile, nayo haimfundishi heshima, kazi wala wajibu wake kwa mama na dada zake. Kwa hiyo makanisa na wazee mahali pengi wameanza kuwakusanya vijana baada ya kutahiriwa ili mafunzo yasipotee.

Hapana budi kutaja mipaka pia. Kinga hii si kamili, kwa hiyo aliyetahiriwa bado anahitaji kondomu, uaminifu na kupimwa. Nayo haimkingi mwanamke moja kwa moja. Tena isichanganywe na ukeketaji wa wasichana, ambao hauna faida yoyote ya afya, huleta madhara makubwa, na umekatazwa na sheria ya Kenya ya mwaka 2011. Kufikia mwaka 2020 wanaume zaidi ya milioni 25 wa mashariki na kusini mwa Afrika walikuwa wametahiriwa kwa mpango huu, na mwaka huo Shirika la Afya Duniani lilielekeza kazi hiyo kwa wenye umri wa miaka 15 na zaidi, ambao wanaweza kuelewa wanachokubali.

Wazee waliosema mwacha mila ni mtumwa walisema neno la maana, kwa kuwa mtu asiye na kwao huyumbishwa na kila upepo. Lakini wahenga waliacha neno jingine pia: hiari yashinda utumwa. Mjaluo aliyetahiriwa Kisumu kwa kutaka kwake hakuiacha mila yake, na jirani yake aliyekataa hakupungukiwa na uanaume. Taifa lenye mila nyingi laweza kupokea elimu mpya bila kumdhalilisha mtu, maadamu humwuliza kwanza, humweleza kweli yote, na huheshimu jibu lake.