Deni la Konokono

Hapa Wampembe, mwambao wa Ziwa Tanganyika chini ya miteremko ya Ufipa, ziwa ndilo kisima chetu, bafu letu na shamba letu. Humo tunavua migebuka na dagaa, na watoto hujua kuogelea kabla ya kujua kusoma. Miaka niliyoishi huku nimesikia mara nyingi kijana aliyeanguka kwa degedege, au aliyepooza miguu ghafla, akisemwa kuwa amerogwa. Sisemi kwamba wote waliugua ugonjwa mmoja. Lakini historia ya kichocho imenifundisha kutokimbilia jibu hilo.

Mwaka 1851, huko Cairo, daktari Mjerumani Theodor Bilharz aliona minyoo ndani ya mishipa ya damu ya maiti. Mnyoo ukajulikana, njia yake isijulikane. Wengine walidhani mtu huunywa pamoja na maji. Ilipita miaka zaidi ya 60. Mwaka 1913 Wajapani Miyairi na Suzuki walionyesha kwamba kichocho cha kwao hukulia kwanza ndani ya konokono, na mwaka 1915 Mwingereza Robert Leiper akathibitisha hivyo hivyo nchini Misri. Kumbe kijidudu hutoka kwa konokono, kikapenya ngozi ya mtu aliye majini.

Ukishakomaa, mnyoo jike hutaga kila siku. Mayai mengine hutoka kwa mkojo au choo kikubwa na kurudi majini. Mengine hunasa mwilini, hasa kwenye ini na kibofu. Machache hupotea njia yakafika uti wa mgongo au ubongo. Mwili hupambana nayo, pakavimba, na hapo ndipo degedege au kupooza huja. Si jambo la kila siku, lakini lipo.

Dawa ya prazikwanteli, iliyopatikana miaka ya 1970, huua minyoo. Uvimbe nao una dawa yake, na mgonjwa akiwahi hospitali huweza kusimama tena. Lakini pasipo vyoo, aliyepona hurudi katika maji yale yale.

Jina la Sumbawanga, mji wetu mkuu, hufasiriwa kuwa ni kutupa uchawi. Bado hatujautupa. Siku tunazopoteza kumsaka mchawi ni siku za mgonjwa, na mara nyingi bibi kizee wa jirani ndiye anayelipishwa deni la konokono.