Makao Mengi: Safari ya Neno Moja la Kiingereza



Wapendwa waamini, katika Misa za mazishi husomwa mara nyingi sura ya 14 ya Injili ya Yohane, Bwana anapowaambia wafuasi wake habari za makao mengi yaliyomo nyumbani mwa Baba. Biblia za kale za Kiingereza, yaani Agano Jipya la Kikatoliki la Rheims (1582) na Biblia ya Mfalme James (1611), ziliyaita makao hayo "mansions". Leo neno hilo lamaanisha majumba ya kifahari, na wako wanaodhani kwamba mbinguni kila mmoja ametengewa jumba lake.

Asili yake si hiyo. Injili ya Kigiriki yasema "mone", na Biblia ya Kilatini ya Mtakatifu Yeronimo "mansio". Yote mawili yametokana na vitenzi vyenye maana ya kukaa, kudumu mahali. Warumi waliita "mansio" kituo cha kulala wasafiri kando ya barabara kuu. Mhujaji wa Bordeaux aliyekwenda Yerusalemu mwaka 333 aliviorodhesha vituo hivyo. Wafaransa walipata humo "maison", nyumba ya mtu yeyote. Waingereza walilipokea kupitia Kifaransa katika Zama za Kati, likiwa na maana ya makazi tu. Baadaye likawa nyumba ya bwana mwenye shamba, hatimaye jumba la tajiri. Neno lilipanda cheo, Injili haikubadilika.

Kiswahili kimeitunza maana ile ya kwanza, kwa kuwa makao hutokana na kukaa. Tena katika aya ya 23 neno lile lile la Kigiriki larudi: Baba na Mwana huja kufanya makao kwake ampendaye Kristo.

Tuliwahi kumpelekea Komunyo mama mmoja mgonjwa, katika nyumba kubwa aliyojengewa na wanawe. Vyumba vingi vilikuwa vimefungwa kwa kufuli, naye aliishi humo na msichana wa kazi tu. Baada ya sala alituomba jambo moja: tukae kidogo. Nasi, kwa haraka ya Misa nyingine, hatukukaa. Hatukumkuta hai tena.

Wapendwa, juma hili tumtembelee mmoja aliye peke yake, nasi tukae.

Mungu awabariki.