Cheti na Kazi: Ubora wa Mwezeshaji wa Watu Wazima Mkoani Singida

Ipo hoja kwamba madarasa ya watu wazima yatakuwa na ubora pale tu kila mwezeshaji atakapokuwa na stashahada. Hoja hiyo haikosi msingi. Mtu mzima hafundishwi kama mtoto, na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1975, ina wajibu wa kuandaa wataalamu wa fani hii. Kosa la hoja hiyo ni kuufunga ubora kwenye karatasi iliyopatikana kabla ya mtu kuingia darasani, ilhali historia yetu inaonyesha kwamba mwezeshaji hujengeka, au huporomoka, akiwa kazini.

Ushahidi mzito zaidi ni kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Kwa wiki 12 watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kitabu, wakajadili malaria, maji na vyoo, kisha wakatoka kwenda kuchimba na kufyeka. Viongozi wa vikundi walikaribia 75,000, na wengi wao hawakuwa walimu. Waliandaliwa kwa semina zilizoshuka ngazi kwa ngazi, na kila wiki walikuwa na kipindi cha redio na sura ya kitabu vya kuwashika mkono. Msaada huo uliambatana na kazi yenyewe: aliyekwama wiki hii alipata pa kushika wiki iliyofuata. Stashahada haitoi hilo, hata iwe nzuri kiasi gani.

Wapinzani watasema mafanikio hayo yalibebwa na nguvu ya chama na serikali ya wakati ule. Kwa sehemu ni kweli, lakini msukumo wa kisiasa hukusanya watu tu. Haumfundishi kiongozi kuuliza swali na kunyamaza hadi lijibiwe. Tena, kampeni ya kufuta ujinga wa kusoma na kuandika inatoa funzo hilohilo kwa upande wa pili. Wasiojua kusoma na kuandika walipungua kutoka takriban asilimia 67 mwaka 1967 hadi asilimia 9.6 mwaka 1986, kazi iliyobebwa kwa kiasi kikubwa na walimu wa kujitolea waliolipwa posho ya shilingi 30 kwa mwezi. Mafanikio hayo hayakudumu. Naona sababu kubwa, ingawa si pekee, ni kwamba walimu hao waliachwa bila semina, bila ukaguzi na bila vitabu vipya.

Singida, yenye wakazi 2,008,058 kwa sensa ya 2022, inahitaji kipimo kinachotazama kazi. Mvua ni ya msimu mmoja. Darasa linalong'ang'ania ratiba ya mjini wakati wa palizi litabaki na madawati. Mkulima wa alizeti wa Ikungi au Iramba anahitaji hesabu itakayomwezesha kusoma mizani na kukataa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, na mwezeshaji anapaswa kujua lini Kinyaturu au Kinyiramba kitafungua somo ambalo Kiswahili kimelifunga. Mambo haya yanaonekana darasani, si kwenye cheti. Kwa hiyo kibali cha kuwezesha kihuishwe kila baada ya muda kwa kuangalia vipindi halisi, na vyuo vya maendeleo ya wananchi viwe mahali pa wawezeshaji kukutana kila msimu baada ya mavuno. Gharama ya kuwakutanisha kwa siku chache haiwezi kulinganishwa na ya miaka miwili chuoni. Na mwenye stashahada naye akaguliwe kwa kipimo hichohicho.