Nzi wa Manyoya na Majaribio Yake Mtoni

Trauti ni samaki wa maji baridi yaendayo kasi, na sehemu kubwa ya chakula chake ni wadudu: waishio chini ya mawe, wapandao juu ya maji kuota mabawa, na waangukao kutoka majanini. Tangu zamani wavuvi wamekuwa wakiwaigiza wadudu hao kwa uzi, sufu na manyoya, na mifano hiyo pia huitwa nzi. Sababu ya kuwaigiza aliieleza Aelian, Mrumi aliyeandika kwa Kigiriki yapata mwaka 200, alipowataja wavuvi wa mto Astraeus huko Makedonia. Nzi halisi akishikwa mkononi, alisema, rangi yake huharibika na mabawa yake hunyauka, na samaki humkataa. Basi wavuvi wale walizungushia ndoana sufu nyekundu, wakafunga juu yake manyoya mawili ya shingo ya jogoo yenye rangi ya nta, wakavua kwa ufito wa futi 6 na mshipi wa urefu uleule.

Maelezo marefu ya kwanza kuchapishwa kwa Kiingereza yalitoka mwaka 1496, katika risala ya uvuvi ambayo mapokeo humtaja mtawa Juliana Berners kuwa mtunzi wake. Humo mna nzi 12, waliopangwa kwa miezi. Kwa muda mrefu baada ya hapo maarifa yalirithishwa hivyo hivyo, kama mapishi: mvuvi aliambiwa afunge nini na mwezi gani, asiambiwe kwa nini. Hata Izaak Walton, ambaye kitabu chake cha 1653 kilipata sifa kubwa, aliirudia orodha ya zamani. Rafiki yake Charles Cotton, mwaka 1676, ndiye aliyesogeza mambo mbele. Alivua katika mto mdogo wa Dove, wenye maji maangavu, na akasisitiza kwamba manyoya yatazamwe dhidi ya mwanga wa jua kabla ya kufungwa, kwa sababu rangi inayoonekana kiganjani siyo anayoiona samaki akitazama juu.

Swali la samaki anaona nini lilipata mtu wa kulishughulikia kwa dhati katika karne ya 19. Alfred Ronalds alijenga kibanda kilichoning'inia juu ya mto Blythe, katika jimbo la Staffordshire, akatoboa madirisha ya kumwezesha kuwachungulia trauti bila wao kumwona. Mwenzake alifyatua bunduki nyuma ya kibanda, na samaki hawakushtuka. Ronalds akahitimisha kwamba kelele za hewani haziwasumbui kama kivuli au mwendo wa mtu ukingoni. Kisha aliwarushia nzi wa nyumbani waliokufa, na baadaye wengine aliowapaka pilipili kali na haradali. Wote walimezwa. Kwa maoni yake, ladha haikuwa kinga ya trauti. Macho ndiyo yaliyoamua. Alichora pia jinsi nuru inavyopinda inapoingia majini, ili mvuvi ajue pa kusimama asionekane. Kitabu chake cha 1836 kiliweka picha ya mdudu halisi kando ya nzi wa kufungwa, na kwa mara ya kwanza mfungaji alipata kipimo cha kulinganishia kazi yake akiwa bado mezani.

Hata hivyo, mfano mzuri mezani si lazima ufae mtoni, na hilo lilidhihirika Marekani. Frederic Halford alikuwa bingwa wa nzi waeleao juu ya maji, aliyewakamilisha katika mito mipole ya kusini mwa Uingereza na kuwaeleza katika kitabu cha 1886. Mwaka 1890 alimtumia Theodore Gordon wa New York nzi kadhaa ndani ya barua. Gordon alivua mto Neversink, katika milima ya Catskill, ambako maji hukimbia na kuruka mawe, na wadudu wake si wale wa Uingereza. Aliutunza mtindo wa Halford, lakini akachagua manyoya magumu zaidi ya jogoo ili nzi asimame juu ya povu, na mabawa akayatengeneza kwa manyoya ya ubavu wa bata wa Kimarekani. Nzi wake mashuhuri, Quill Gordon, amefungwa mwili kwa utepe wa unyoya wa tausi wenye milia, kwa kumwiga mdudu wa mto ule ule.

Jaribio lenye ujasiri zaidi, pengine, lilikuwa la Frank Sawyer, mlinzi wa mto Avon huko Wiltshire. Kabla yake mvuvi G. E. M. Skues alikwisha kuonyesha kwamba trauti hula zaidi chini ya maji kuliko juu, na kwa hilo alibishana miaka mingi na wafuasi wa Halford. Sawyer, aliyeshinda mtoni kutwa kwa kazi yake, aliona kwamba mdudu mchanga anapoogelea hubana miguu yake mwilini. Akaondoa miguu. Kisha akaondoa hata uzi: alitumia waya mwembamba wa shaba kama nywele, akazungushia nyuzi za mkia wa jogoo wa ndege aitwaye pheasant juu yake, waya ukawa ndio kifungo, rangi na uzito kwa pamoja. Nzi alizama haraka. Alipokaribia pua ya samaki, mvuvi aliinua ncha ya ufito kidogo, nzi akapanda kama mdudu anayekwenda kuota mabawa, na trauti akamrukia. Kitabu chake cha 1958 kiliwaeneza nzi hao duniani.

Afrika Mashariki haikuwa na trauti wa asili. Mayai ya trauti wa kahawia yaliletwa Kenya mwaka 1905 kwa juhudi za mlowezi Ewart Grogan, kutoka Loch Leven, Uskochi, na samaki wakapandwa katika mto Gura, kwenye milima ya Aberdare. Trauti wa upinde wa mvua walifuata mwaka 1910 kutoka Afrika Kusini. Kalenda ya nzi ya Ulaya haikufaa katika vijito vya karibu na ikweta visivyo na baridi kali wala kiangazi cha kule. Cha kuzingatia ni masika, maji yanapochafuka na kumlazimu mvuvi kutumia nzi mzito na mweusi, na siku za maji maangavu anapohitaji mdogo. Uvuvi huo ulileta na ufundi wake. Katika karakana za Kenya mafundi, wengi wao wanawake, huibana ndoana kwenye jiriwa ndogo na kufunga kwa mkono nzi wanaouzwa Ulaya na Marekani, wakiwemo wale wa Sawyer wa waya wa shaba.